Jina la Faili Si Ushahidi wa Wizi

Shikamoo mzee mshauri, nakuandikia usingizi umenikimbia. Mimi ni karani wa ushirika wa wakulima wa mboga hapa Lushoto, na mwezi uliopita fundi wetu Idrisa, mtu wa Bulwa, alikuja kutengeneza kompyuta, alipoondoka nikakuta faili lenye jina la ajabu na tarehe ya siku ile ile, aliporudi nikamuuliza, akasema ni la programu ya kuchapia, nikamwambia mbona jina lake silijui, akanijibu mbele ya wakulima, "Kwani hayo mengine elfu mbili unayajua, dada Dorkasi?" wakacheka wote, nami kwa hasira nikamweleza mwenyekiti, mzee Saidi, kwamba Idrisa ametuwekea kitu cha kuiba majina ya wanunuzi wetu, na Alhamisi kikao kitamfukuza, ana watoto watatu, na mimi sina hakika tena. Faili nimelinakili kwenye diski iliyomo ndani ya bahasha hii. Nifanyeje?

Dorkasi, Lushoto

Marahaba, Dorkasi. Kosa la wengi ni kudhani faili hujulikana kwa jina na tarehe. Wewe umekulia kwenye mboga. Hujaona pakiti ya mbegu za kabichi ikijazwa mbegu za msimu wa juzi? Dukani hudanganyiki na picha ya pakiti, ofisini umemhukumu mtu kwa picha hiyo hiyo. Jina hubadilishwa na yeyote mwenye vidole. Tarehe nayo huweza kubadilika faili likinakiliwa tu.

Cha kuamini ni kilichomo ndani. Ipo programu ndogo inayolisoma faili lote na kulikokotolea alama, mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi. Badilisha herufi moja ndani ya faili, alama inageuka yote. Alama za mafaili ya maktaba, yaani vipande vya kazi ambavyo programu nyingi huvitumia, zimekusanywa katika orodha, nami ninayo kwenye CD. Alama isiyomo haisemi kwamba faili ni baya, inasema halijulikani tu. Nimeikokotoa ya faili lako, nayo imo. Ni la programu ya kuchapia, kama lilivyotoka kwa watengenezaji.

Unasema huna hakika tena. Ulikuwa nayo lini? Ulikuwa na hasira, na watoto watatu umewakumbuka ilipopoa. Kuchekwa kunauma, najua, lakini hakumfanyi aliyesababisha uchekwe kuwa mwizi.

Usinitake nikuandikie barua ya kupeleka kikaoni, wala usingoje Alhamisi. Leo, kabla hujafunga ofisi, mwambie mzee Saidi, Idrisa akiwepo, kwamba ulimsingizia.