Kilele Ambacho Sikukifikia

Mjukuu wangu Rehema,

Huku ughaibuni, hapa Hayes, tu wazima. Goti la bibi yako limepona, na sasa anakwenda kanisani kwa miguu. Uliniuliza kwenye simu kama niliwahi kuacha kilele, kwa kuwa wenzako wanakucheka kwamba ulishuka Mlima Meru kabla ya kufika kileleni, ukimsindikiza rafiki yako aliyeugua.

Niliwahi. Miaka ile ya tisini nilifanya kazi katika ghala la uwanja wa ndege pamoja na Harjit, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu. Mwaka mmoja, kila tulipopata likizo, alinipeleka Skotilandi kupanda milima. Tulivuka kwa feri hadi visiwa vyenye kondoo wengi kuliko watu, na kila kilele kilinitia hamu ya kingine.

Katika kisiwa cha mwisho, kilele kikiwa mbele yetu kabisa, Harjit aliketi juu ya jiwe.

“Nenda, ndugu yangu. Nitakungoja.”

Nilimtazama, nikaona analia. Nikaketi kando yake.

“Leo mke wangu angetimiza miaka hamsini,” akasema. “Tangu afariki, nyumba imekuwa kimya mno. Ndiyo maana nakusumbua na milima.”

Mwaka mzima hakuwahi kumtaja. Siku hiyo alinisimulia habari za mkewe mpaka chai ikaisha kwenye chupa, kisha tukashuka.

Majina ya vilele vingi nimeyasahau. Harjit bado huja kula kwetu kila Jumapili. Sasa hivi anabisha hodi, ngoja nikamfungulie.

Babu yako,
Elia