Daktari Alisema Saba, Nikamgeuzia Baba

Mpendwa Shangazi Mehrunissa,

Naomba msaada, ila usinihurumie, mimi si mtu wa kuhurumiwa, hapa mtaani Weston, huku ughaibuni, ukiuliza ni kijana gani anaongea Kiingereza mpaka wazungu wenyewe wanaomba arudie taratibu utaonyeshwa mlango wangu. Shule niliiacha gredi ya kumi na moja, haikunishinda, tulichokana tu, sasa napakia mizigo uwanja wa ndege na sanduku la kunishinda bado halijashonwa. Najua unasema huyu kaanza kujisifu, basi subiri nimsifie baba.

Baba nimempa jina la Ombeni, si lake, japo nikisema tu ni MC wa harusi za Watanzania mji huu tangu 1996 wasomaji wako washamjua, ndiyo huyo huyo, akishika kipaza sauti hata mashemeji walionuniana wanainuka kucheza. Mama alifariki 2008, tumebaki wawili. Mwaka huu wa 2014 akapata saratani ya koo. Wakamtengenezea kinyago cha plastiki chenye matundu kama wavu, cha sura yake mwenyewe, kila akilala mezani wanamvisha na kukibana asitikisike, mionzi isije ikapiga pasipo pake, mara thelathini na tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki saba, na mzee akitoka pale ana alama za wavu uso mzima anawaambia manesi, "Mmeona? Hata mashine inataka sura yangu." Nani mwingine ana baba kama huyo?

Sasa kosa. Kabla hawajaanza daktari alituita, dada mmoja mpole, akasema wana hesabu kwenye kompyuta, wanaiingizia umri na uzito wa mgonjwa na uvimbe ulipo na mionzi itakapopita, nayo inawatabiria madhara. Akataka kuleta mkalimani wa hospitali, nikamwambia wa nini, si mimi hapa? Akasema kati ya watu kumi walio kama baba, saba hufika mahali hawawezi kumeza, wanalishwa kwa mrija wa tumboni, na mate yanakauka, na sauti inaweza kukwaruza, kwa hiyo aanze mapema mazoezi ya kumeza, na afikirie kuwekewa huo mrija angali na nguvu. Baba akanigeukia, "Anasemaje?" Shangazi, niliangalia lile koo lake nikasema, "Anasema kati ya kumi, saba wanapita bila shida, wewe kula vizuri tu." Saba ni ile ile, niliipeleka tu upande wa pili. Nikajiambia kompyuta hizi ndizo zinatutabiria theluji ya kufika magotini, tunanunua chumvi ya kuyeyusha barafu mlangoni, halafu inanyesha mvua.

Mzee akafurahi, hapo hapo kwenye korido akampigia Bi Philomena, "Harusi ya binti yako mimi nipo, tena bila kikohozi!" Harusi yenyewe iko wiki ya sita ya mionzi.

Leo tuko wiki ya pili. Ijumaa ya wiki ijayo daktari anataka jibu la mrija, na baba hajui kama kuna swali. Chai anasema haina ladha, analaumu majani. Nilimweleza Mogaka, Mkenya ninayepakia naye mizigo, akacheka mpaka akakalia sanduku la mtu: "Msee, wewe ni mkalimani ama ni kamishna wa uchaguzi? Namba unazigeuza hivyo! Ambia buda wako ukweli." Rahisi kwake. Mimi nikimwambia atajua mwanawe mwongo, na mtu anayekwenda kuvaa kile kinyago kifua mbele ataanza kwenda kichwa chini. Na saa hizi ana raha zake, kila asubuhi garini ananilazimisha nifungue harusi ya uongo, "Mabibi na mabwana, rudia, kwa tumbo, si kwa pua," na ameniandikia majina ya wazee wa pande zote mbili kwa mpangilio nikariri, eti tusichoshwe na foleni, na bila kujivuna, mimi namkaribia kabisa. Ninyamaze mpaka harusi ipite? Huenda yeye ni wa wale watatu.

Mpakiaji Bora, Weston

*

Mpakiaji Bora,

Barua yako nimeipitisha mbele ya wenzio kwa kuwa Ijumaa hiyo haisubiri gazeti. Kiingereza chako nimekisikia, sasa kaa chini. Kumpenda baba unampenda, na ningekuwa na mwana wa kunipeleka hospitali kila siku ya kazi ningemtangaza mtaa mzima wa Bathurst. Lakini kwa saba yako ile mzee amekosa wiki mbili za mazoezi ya kumeza, na hizo humrudishii.

Mimi si daktari. Ila mume wangu Alnasir alivaa kinyago kama hicho mwaka 2009. Naye walimtabiria mrija, naye akawaona wanapiga ramli, mpaka akaja kuwekewa amebaki mifupa. Yu hai, alhamdulillahi, na biriani anaila kwa mtindi mwingi. Ramli haikuwa. Wamewatazama wagonjwa wengi waliotangulia, wakaandika nani alipata nini. Hesabu haiwezi kumwambia baba yako yumo kwenye saba au kwenye watatu. Inamwambia ajiandae kama wa saba, na akiangukia kwa watatu ashukuru. Wewe unayecheka utabiri wa theluji, gari lako Januari si linatembea na matairi ya theluji? Ehe.

Sasa nikuulize, fundi wa maneno. Daktari kasema dakika tano, wewe ukatoa sentensi moja. Baba yako miaka kumi na nane anasoma sura za watu ukumbini. Unadhani sura ya yule daktari hakuisoma? Yako je? MC mzima, na kipaza sauti chake, anamwandikia mwanawe majina ya wazee kwa mpangilio, nawe unaamini habari ya foleni! Mzee ameshashuku, kijana. Anakuficha wewe, unamficha yeye, na Ijumaa itafika hakuna aliyejibu.

Leo hii, kabla hujavua buti za kazi, mpe saba kama ilivyotoka kwa daktari. Mwambie uliogopa. Kisha piga simu hospitali uombe mkalimani wao, na mkiingia wewe shika koti la baba tu, ufunge mdomo. Daktari arudie yote tangu mwanzo na waanze mazoezi siku hiyo hiyo. Habari ya mrija ataamua mwenye tumbo. Kwa Bi Philomena apige simu mwenyewe, ahadi ni yake, aseme siku hiyo anakaa meza ya mbele na kipaza sauti anakiacha kwa mwanawe. Ukikosea atakusahihisha kwa sauti, na sauti isipokuwepo, jicho lipo.

Bi harusi ni rafiki wa binti yangu Sabika, kadi ninayo. Nitakaa karibu na mzee nikusikie. Kwa tumbo, mwanangu. Si kwa pua.