Aya Niliyoitoa kwenye Hotuba ya Waziri Mkuu

Alhamisi, Bawshar. Joto tangu asubuhi, na moyoni nna kinyaa ambacho hata kuoga hakukukiondoa.

Leo shuleni tulikuwa na maonyesho ya historia: viongozi wa kwanza wa nchi zilizopata uhuru. Kila msichana alipewa mmoja, asimame asome hotuba kana kwamba ndiye yeye. Rafiki yangu Shamsa alipata rais aliyetawala mpaka kufa. "Wangu ilibidi azikwe na kiti chake," alininong'oneza nyuma ya pazia, akijibandika sharubu za karatasi.

Mimi nilipewa waziri mkuu wa nchi aliyozaliwa Bibi, kabla hajahamia huku. Jina lake halitajwi nyumbani kwetu. Nilimuuliza Bibi kwa nini, na kwa siku tatu mfululizo, baada ya Alasiri, alinisimulia habari za kaka yake, Seif, karani wa bandari. Siku bendera ya uhuru ilipopandishwa, Seif alipiga makofi mpaka viganja vikavimba. Mwaka uliofuata askari wa waziri mkuu walimjia nyumbani. Hakurudi.

Nilisoma zaidi peke yangu. Waziri mkuu huyo mwenyewe aliwahi kufungwa na wakoloni bila kesi. Aliilaani sheria ile ya kizuizini katika kila mkutano. Alipoingia madarakani hakuifuta. Akaitumia.

Nikaandika aya moja: "Sheria iliyonifunga mimi ndiyo niliyomfungia Seif."

Juzi Ustadha, mwalimu wetu wa historia, aliisoma, akaipigia mstari. "Hii itoe, habibti. Wageni wanakuja kusherehekea."

Nikaitoa.

Sikubisha hata kidogo. Nilisema hadhir, sawa, nikafuta, na nikajiambia kuwa hotuba sasa imekuwa fupi na nzuri.

Kumbe Bibi alikuwa ameomba aletwe. Alikaa safu ya mbele na abaya yake ya harusini, ameinamisha kichwa ili asikie vizuri. Nilisoma habari za shule, barabara na bendera mpya. Watu walipiga makofi. Nikapewa cheti.

Ndani ya gari alisema, "Sauti yako ilitoka." Basi.

Nimesema sana kwamba namchukia yule waziri mkuu. Leo najichukia mimi zaidi. Yeye walau alikuwa na nchi ya kuogopa kuipoteza.

Baada ya Maghrib nilikwenda chumbani kwa Bibi, nikamwambia kuwa aya ilikuwepo na nimeitoa mwenyewe.

"Najua," alisema. "Ulifika pahala ukameza mate. Mimi nilinyamaza miaka sitini, nikikhofia watoto wangu. Wewe ulikhofia nini, mwanangu? Kikaratasi?"

Nililia kidogo, naye aliniacha nilie.

Jumapili, wiki ya shule ikianza, kipindi cha kwanza ni cha Ustadha. Nitamwomba dakika mbili mbele ya darasa, niisome aya ile. Sidhani kama ni mtu mbaya. Pengine hakuna aliyewahi kumwomba. Akikataa, nitaiweka hapa kwenye blogu yangu, na wasomaji wangu kumi na wawili wataisoma.

Nimemuuliza Bibi kama naruhusiwa kuandika jina kamili la kaka yake. Alikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Liandike," alisema. "Na la baba yake, na la babu yake. Wasije wakamdhania Seif mwengine."