Kola Tuliyokata Hewani

Mama Riziki,

Nakuandikia wewe ambaye hukuwahi kusoma barua, na mimi niliishia mwaka wa pili wa sekondari, tena nina hasira. Makosa utayasamehe. Nikimaliza nitakuja hapo ulipolala nikusomee kwa mikono, kama tulivyozoea. Watakaopita watasema Mama Kahindo amepata wazimu. Waseme.

Riziki wako yuko muzima. Analala na binti zangu hapa Keshero, anakula kama askari wa kambi ya jeshi ya Katindo, na amekuwa murefu hata gauni ulilomushonea limefika magotini. Mashini yako nimeifunika kile kikwembe cha bluu, mutu haigusi. Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hizo habari. Nimeishika kwa sababu ya neno alilosema Direktere wa kituo cha mafunzo, na kwa sababu mimi nililisikia nikanyamaza.

Wale wanawake sita uliowafundisha kushona kwenye kambi ya wakimbizi wamemaliza. Direktere akaniita kwenye buro yake nione breve zao, vile vyeti vya kumaliza mafunzo, kabla hajazitia muhuri. Karatasi nzuri, nzito. Chini kuna mustari wa jina la mwalimu, na pale, Mama Riziki, kumepigwa jina langu. Langu zima! Nikauliza, "Papa Direktere, na Mama Riziki?" Hakuinua hata macho. "Yule bubu? Mama, bubu hafundishi. Yeye alikuwa anashona, wengine wanaiga tu. Wewe ndiye ulikuwa unaongea kwa niaba yake."

Wanaiga tu.

Miaka miwili umekaa juu ya yale mawe ya volkano, mvua inapiga hema, mashini magotini, wanawake waliokimbia bila kitu wanatoka mikononi mwako wakijua kutengeneza iniforme nzima ya masomo. Halafu mutu aliyekuja kukuona mara mbili, viatu vyake vinaogopa matope, anasema wanaiga tu. Damu inanichemka hata sasa ninapoandika.

Lakini siku ile haikunichemka vya kutosha. Wewe sikufichi kitu. Nililiangalia jina langu likanipendeza. Nikaomba breve moja niende nayo nyumbani, eti nione kama wameliandika vizuri. Njiani nikaionyesha kwa muuza chumvi, nikaionyesha kwa Mama Masika jirani, wakapiga kelele "Mwalimu! Mwalimu!" na mimi nikacheka. Hukuwa hata umemaliza wiki sita ardhini.

Aliyenivunja ni Kahindo. Unamujua binti yangu, anasoma udaktari iniversite, peke yake kwenye avenyi yetu yote, na nitalisema mupaka wachoke kunisikia. (Najua, najua. Hapo ungetunisha kifua na kuinua kidevu. Ndilo jina la mikono ulilonipa, kambi nzima ikanijua kwa kile kidevu.) Aliisoma ile breve, akaniuliza polepole, "Mama, wewe nani alikufundisha kukata kola?"

Nikasema ni wewe.

"Kwa maneno gani?"

Mimi, Mama Kahindo, nikainua mikono kumuonyesha.

Ndipo akanifundisha jambo ambalo natamani ungelijua ungali hai. Anasema ndani ya ubongo kuna chembe ambazo wasomi wanaziita neroni za kioo. Waliziona kwanza kwa kima. Kima akishika chakula, chembe zile zinaamka. Sasa kima yuleyule akikaa kimya, mikono yake imetulia, anamuangalia tu mutu anayeshika chakula, chembe zilezile zinaamka tena, kama vile ameshika yeye! Akasema, "Mama, si umewahi kuona mutoto wa mwenzako analishwa uji, mudomo wako ndio unafunguka?" Kweli kabisa. Kwa hiyo kuangalia si kukaa bure. Kazi ya mwenzako unaifanya ndani yako, na hapo ndipo unaielewa. Kahindo alinionya kwamba kwa binadamu, wasomi bado wanabishana zinafanya kiasi gani, nisiende kuzitangaza sokoni kama sabuni.

Nimezitangaza.

Nikamusimulia na yale ya Kibumba, siku vita ilipofika kwenu, ulivyonisimulia kwa mikono. Risasi hukuzisikia hata moja. Uliona tu mwanamuke wa jirani anafunga mutoto mugongoni. Kila asubuhi alikuwa anamufunga kwenda shambani, fundo moja, taratibu, anarekebisha muguu wa mutoto. Siku ile alifunga mafundo mawili, akavuta nguo mupaka juu ya kichwa cha mutoto, na hakurekebisha kitu. Ukajua. Ukamubeba Riziki, ukachukua mukasi, ukawa barabarani kabla ya wenye masikio kumaliza kuulizana kuna nini. Kahindo aliweka mukono mudomoni. "Ndiyo hiyo, Mama," akasema, "tendo ni moja, lakini macho yake yaliona nia." Na mutu kama huyo wanamuita asiyeelewa!

Usingizi haukunijia. Asubuhi nikawakusanya wale sita, tukaingia kwa Direktere bila kubisha. Nikaweka breve juu ya meza. Nikamuambia, "Hili jina si langu." Akacheka, akasema mimi ni muke wa unyenyekevu. Mimi! Nikadhani nasikia ukicheka kaburini.

Nikasema, "Papa Direktere, angalia." Nikasimama katikati ya buro, nikafanya kama ulivyokuwa unatufanyisha wakati nguo ni haba: mara tatu tukate hewani na vidole, ndipo utukabidhi mukasi. Nikakata kola hewani, kimya, polepole, na kifua changu kimejaa. Nilipomaliza, yule Espérance, mudogo wao, akagusa meno yake na kidole kimoja, ile alama yako ya kosa. Wa pili akagusa. Wote sita wakagusa.

Direktere akauliza, "Sasa hiyo ni nini?"

"Kola ya iniforme," akasema Espérance. "Lakini Mama Kahindo amesahau kuacha nafasi ya mushono. Hiyo kola haitaingia shingoni kwa mutu."

Wengine wakasema ndiyo, upande wa kushoto. Nguo haikuwepo, mukasi haukuwepo, na kosa walikuwa wameliona! Ningeweza kumuambia Direktere nililifanya makusudi. Ndivyo nilivyomuambia muuza chumvi. Lakini wewe ungenishika kidole uniangalie, kwa hiyo basi: nilisahau.

Nikamuambia Direktere, "Anayeiga tu, Papa, angeiga na kosa langu. Hawa wameliona. Nani aliwapa hayo macho?" Akaigeuzageuza ile breve mezani. Kisha akasema masikio yake hayajazoea kupigiwa kelele kwenye buro yake, turudi lundi, yaani Jumatatu. Nikamuambia tutarudi, na kama jina ni lilelile tutakata kola hewani kila siku mulangoni pake, sisi wote saba, mupaka wageni wake waulize kuna nini.

Lundi breve zilikuwa tayari. Mwalimu: Furaha, jina lako, lenyewe. Hakuniomba samahani na mimi sijamusamehe bado, nitaona. Ila nilimulazimisha apige breve ya saba. Kwenye liste ya wanafunzi wako mimi ni wa kwanza, kwa sababu ndiye niliyeanza kukaa karibu yako, na hilo jina la mwanafunzi nimelionyesha kwa muuza chumvi, kwa Mama Masika, na kwa avenyi yote. Tunisha kifua, nicheke.

Lala salama, rafiki yangu. Riziki nimeanza kumukalisha pembeni yangu, bega kwa bega, kama ulivyotukalisha. Nakuahidi hatagusa mukasi wako kabla hajakata mara tatu hewani. Siku ya Mungu, Jumapili, nitakuja naye, tutasimama mbele yako tukate kola, kimya. Nafasi ya mushono nitaiacha. Na kama nikisahau, mutoto wako atagusa meno yake, na mimi nitajua ni nani anayenikosoa.

Wako, wa kidevu juu,
Mama Kahindo