Majibu Yasiyo na Majina

Mjukuu wangu Hodan,

Asalaam aleikum. Huku Garissa tu wazima, alhamdulillahi. Mvua imenyesha, ngamia wana maziwa, na ayeyo wako, bibi yako huyu, bado anabishana na daktari juu ya sukari kwenye chai.

Umeniuliza kama uache ule mtandao ambamo wanafunzi wako wa chuo hujibu maswali kwa simu bila kujulikana, kwa kuwa karibu darasa zima lilikosea ukaona aibu.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa hesabu alikuwa akimaliza kila somo kwa kuuliza, "Mmeelewa?" Nasi tukiitikia, "Ndiyo, mwalimu." Hatukuwa tumeelewa. Asubuhi moja mafua yalimkausha sauti. Akaandika swali ubaoni, akatugawia vipande vya karatasi tujibu bila majina. Alivisoma vyote; karibu wote tulikuwa tumekosea. Tulidhani atatuadhibu. Badala yake alifuta ubao, akavuta kiti katikati yetu, akanong'ona, "Nionyesheni nilipowapoteza."

Nikajikaza, nikasema, "Mwalimu, ni tangu wiki ya kwanza."

Darasa likacheka. Naye akacheka bila sauti, mabega yakimtikisika, kisha akaanza upya.

Sauti ilimrudia baadaye, lakini karatasi hakuziacha, na "Mmeelewa?" hakuuliza tena.

Mitandao siijui, Hodan. Najua tu kwamba mwaka ule nilianza kupenda hesabu, nikaifundisha mpaka nikastaafu.

Mungu akulinde huko Nairobi.

Awowe wako,
Abdi