Masale Niliyoyakata kwa Ajili ya Kombi

Moshi, Jumapili mchana

Dada yangu Anastazia,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje na baridi ya huko Mbinga? Kahawa mmeshaiuza, au bado mnabishana na wanunuzi? Mimi nipo, nakula, nalala, naamka. Najua umepiga simu mara nyingi. Sikupokea kwa sababu ungesikia sauti yangu ungeanza kulia, na siku hizi sijui la kufanya mtu akilia mbele yangu. Kwa hiyo nakuandikia.

Uliniuliza kwa nini, tangu mke wangu Felista afariki, siiwashi tu ile kombi nikarudi nyumbani moja kwa moja. Unaikumbuka: ina kitanda na jiko ndani. Ulilala humo tulipokuja kuwatembelea, asubuhi ukatoka umejikunja, ukasema hata mbuzi wako hulala vizuri zaidi.

Kombi ile haitafika Mbinga. Mwaka jana ilidai klachi, zikafuata breki, kisha kichwa cha injini kikapasuka. Spea hazipo Moshi wala Arusha. Zinaagizwa nje, na kila zikifika bei imeshapanda kuliko tulivyokubaliana. Mwenye yadi nilikokuwa nikiilaza naye akapandisha kodi, akapandisha tena. Zamani ningeandika makala, ningewachapa waagizaji wa spea na mawaziri pamoja. Safari hii nililipa. Fundi wangu aliniangalia ninavyotoa fedha, akaweka spana chini.

"Mwandishi, hili gari halitengenezwi tena, linauguzwa. Liache life."

"Tengeneza," nikamwambia.

Siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hapo. Mapazia ya mle ndani aliyashona Felista. Basi.

Fedha zilipokwisha, shemeji yangu Damasi, kaka yake Felista, akaniruhusu niiweke bure kwenye kihamba chao huko Mwika, lile shamba la ukoo lenye nyumba, migomba na kahawa. Ndipo alipozikwa Felista. Kwa desturi yao mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe, lakini mimi sina ardhi huku, na baba yake, Mzee Aloisi, alinipa nafasi nyuma ya nyumba, migombani. Huwa nakwenda kila Jumapili, nakaa saa moja, narudi mjini. Ni kitu pekee ninachokifanya kwa hiari yangu.

Kombi ilipanda mlima ikivutwa na lori. Tulipofika, Damasi alikuwa sokoni na njia ilikuwa nyembamba: huku ukuta wa mawe, huku safu ya masale, ile mimea mirefu yenye majani membamba ambayo hapa huoteshwa kila mahali. Dereva alikuwa na haraka. Nikachukua panga lake, nikakata masale sita, tukaisukuma kombi ndani.

Mzee Aloisi alitoka. Hakunisalimu. Aliokota shina moja moja, akayabeba yote ndani kwa mikono miwili.

Damasi aliporudi hakukaa hata chini.

"Shemeji, umekata nini pale?"

"Majani."

"Majani! Ule ni mpaka wetu na wa baba mkubwa. Aliuotesha babu. Ukoo huu haujawahi kupelekana mahakamani kwa sababu yale yamesimama pale. Na si wewe uliyekuwa ukitukana watu gazetini kila wiki kwamba hawajui historia yao?"

Nilijibu. Unanijua, mdomo wangu hujibu hata kama mwenyewe sipo. Nilisema mpaka ni hati, mpaka ni vipimo, nchi haiendeshwi kwa mimea. Nilisema vizuri sana. Mwisho nikasema nitapanda mengine.

"Hupandi wewe," akasema. "Wewe ni mkwe, si wa ukoo."

Kesho yake wana wa baba mkubwa wakatuma neno: nisikanyage kihamba mpaka niombe msamaha. Jumapili tatu sikwenda kwa Felista. Niliandika kurasa nne za hoja, nikazituma. Damasi alizirudisha mjini mwenyewe.

"Mzee hataki hoja. Anataka isale."

"Jani?"

"Jani. Ukimletea mtu isale lililofungwa fundo, hata kama ulimwaga damu ya ndugu yake, hawezi kukukatalia. Lakini ulilete mwenyewe, na usiseme kitu. Utaweza kunyamaza, shemeji?"

Dada, nimegombana na maaskofu, maprofesa na wakuu wa mkoa, na sijawahi kumwomba radhi hata mmoja. Jumapili iliyopita nilipiga magoti uani mbele ya Mzee Aloisi na wana wa kaka yake, jani mkononi, galoni la mbege, ile pombe yao ya ndizi, pembeni. Sikuona aibu. Sikuona chochote. Niliviona tu vidole vyake vyenye udongo vikilipokea.

"Gari litoke," akasema. "Wewe baki."

Jumatatu wanunuzi wa vyuma chakavu waliikata kombi pale pale. Niliwashikia mlango walipoung'oa. Mapazia waliondoka nayo, sikuyadai.

Lori lao liliposhuka, Mzee alinishika mkono akanipeleka migombani. Alisimama kando ya Felista, akapima ardhi kwa nyayo zake, taratibu, kwenda na kurudi.

"Hapa panakutosha," akasema. "Wewe si mrefu."

"Asante, baba," nikasema.

Kwa hiyo sitahamia huko, dada. Nitakuja kuwasalimu kwa basi mvua zikipungua. Msalimie shemeji, mume wako, na umwambie sijasahau kisu chake cha kupogolea kahawa alichoniazima. Mama mdogo Skolastika mpe shikamoo yangu. Binti yako Editha, anayesoma makala zangu darasani kwake, mwambie sijaandika hata moja tangu Pasaka, asizitafute. Na kaka yetu Gaudensi, anayefyeka makaburi ya nyumbani, mwambie ile nafasi karibu na baba ampe mtu mwingine. Mwambie taratibu. Najua alikuwa ameshaizungushia mawe.

Mdogo wako,
Bosko