Hamadi Arudi Mnadani Wesha

Mdogo wangu Time,

Salamu zangu zikukute goti limepoa. Niko Wesha, jua linachoma, nala pweza wa kukaanga na raha zangu.

Wewe si ulisema mjukuu wetu Hamadi udalali wa samaki basi tena? Tangu aanguke mkarafuuni akaumia ubongo, penye kimya anasikia, penye watu wengi maneno yanamvurugikia. Ukanicheka nilipompeleka Dar, daktari akawa anambana sikio kwa kidude chenye umeme mdogo wa kuamsha mshipa wa fahamu, huku anamfunza kushika maneno ndani ya makelele. Daktari mwenyewe alisema bado wanajaribu, hakuniahidi kitu.

Haya, leo kasimama mnadani ananadi nguru, injini zanguruma, watu wagombana. Mtu mmoja huko nyuma akasema, "Dalali kiziwi huyu, atawauzia paka!" Bi Rehema mkaanga samaki, tambuu tele mdomoni, akataja bei yake chinichini. Hamadi akageuka papo hapo: "Nguru wako, Bi Rehema, njoo umchukue! Na wewe uloniita kiziwi, nunua basi, au umekuja kunusa?"

Mnada mzima ukacheka. Mie nikapiga kigelegele mpaka pweza wangu wa mwanzo akaangukia mchangani, wala sikumtazama.

Sasa sikiliza. Tukirudi huko nyumbani Makangale, usimpigie tena ukelele kama unafukuza kunguru. Sema naye kama unavyosema na watu. Mungu akuweke, kichwa kigumu wangu.

Dada yako,
Mize